Ozoni Tusiyoiona: Namna Kompyuta Inavyoweza Kutusomea Hewa ya Boga

Mvua zikikatika mwezi wa Desemba, tambarare ya Semliki huanza kuungua. Sisi wa Boga tunakaa juu, kwenye ukingo wa bonde, kwa hiyo tunaona kila kitu. Asubuhi moshi umelala chini karibu na mto. Ikifika saa nane mchana jua limeshapasha miteremko joto, upepo umegeuka na kuanza kupanda, na moshi ule umetufikia. Jioni unateremka tena pamoja na ubaridi. Akina mama hufunga madirisha, watoto hukohoa, na kila mtu anaulaumu moshi.

Moshi unastahili lawama zake. Lakini ndani ya moshi ule, jua linapowaka, huzaliwa kitu kingine kisicho na rangi na kisichoonekana kwa macho. Moshi ukitawanyika na mbingu zikaonekana safi, chenyewe bado kipo. Kinaitwa ozoni. Mimi ni mwalimu wa kemia na jiografia katika shule ya sekondari hapa Boga, teritwari ya Irumu, na baada ya vipindi nalima maharagi. Kwa kazi zote mbili, ozoni inanihusu, na nataka imhusu kila anayeishi kati ya Bunia na milima ya Rwenzori.

Gesi moja, sehemu mbili

Wanafunzi wangu wanaijua ozoni kutoka vitabuni. Wamesoma kuhusu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 na gesi za majokofu zilizopigwa marufuku. Ndiyo maana kila ninapoanza somo hili swali la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, kama ozoni inatukinga, mbona unasema ni sumu?"

Jibu ni mahali inapokaa. Takriban asilimia 90 ya ozoni yote ya dunia iko juu sana, katika tabaka linaloitwa stratosfia, na huko inatufaa. Iliyobaki imo katika hewa ya chini, na ile inayogusa ardhi ndiyo tunayoivuta. Gesi yenyewe ni ileile, atomu tatu za oksijeni zilizoshikana, na ina hamu kubwa ya kuungana na chochote inachokutana nacho. Ikikutana na utando laini wa mapafu, inauunguza. Koo huwasha, kifua hubana, na mwenye pumu huzidiwa. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2021, linataka wastani wa saa nane usizidi mikrogramu 100 za ozoni kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Mimea nayo haisalimiki. Ozoni huingia ndani ya jani kupitia vitundu vilevile ambavyo mmea hupumulia. Maharagi ni miongoni mwa mazao yanayoumia haraka. Majani ya zamani hutoka madoadoa madogo upande wa juu, katikati ya mishipa, kisha huzeeka na kupukutika kabla ya wakati, na mkulima hudhani ni ugonjwa au udongo uliochoka. Huko Bangor, Wales, watafiti wameotesha mazao ya Afrika ndani ya mabanda ya kioo na kuyapulizia ozoni ya viwango mbalimbali. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kwamba ozoni hupunguza mavuno ya mazao yetu, maharagi yakiwemo.

Na msitu? Mwaka 2024 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti wa Alexander Cheesman, Stephen Sitch na wenzao. Walikadiria kwamba ozoni inayotokana na shughuli za binadamu imepunguza ukuaji wa misitu ya tropiki kwa wastani wa asilimia 5.1. Kwa sisi tunaopakana na msitu wa Ituri, ambao dunia nzima inautegemea kuvuta hewa ya kaboni, hilo si jambo la mbali.

Moto wenye mwali na moto usio na mwali

Hakuna bomba wala jiko linalotoa ozoni moja kwa moja. Ozoni hutengenezwa hewani, na viungo vyake vinajulikana. Cha kwanza ni oksidi za nitrojeni, zinazotoka katika mioto, injini za mazutu, radi na udongo unaopata mvua ya kwanza. Cha pili ni kaboni monoksidi na gesi za jamii ya hidrokaboni. Cha tatu ni jua. Mwanga wa jua huivunja nitrojeni dioksidi na kuitoa atomu moja ya oksijeni. Atomu hiyo haikai peke yake, hujiunga mara moja na oksijeni ya kawaida, na ozoni imezaliwa. Kaboni monoksidi na hidrokaboni kazi yake ni kuirudisha nitrojeni dioksidi ivunjwe tena na tena. Kwa hiyo ozoni ya chini hupanda mchana, hasa baada ya adhuhuri, na hushuka usiku.

Boga iko mahali ambapo viungo vyote hivi hukutana. Chini yetu, upande wa mashariki, kuna nyasi. Nilimuuliza mfugaji mmoja mzee kwa nini wanazichoma kila mwaka.

"Mwalimu," akaniambia, "nyasi kuukuu ng'ombe hali. Ukichoma leo, wiki mbili zijazo majani mabichi yametoka na kupe wamekwisha."

"Na kama mngechoma mapema, Mzee, nyasi zikiwa hazijakauka sana?"

"Mapema moto hautembei. Unaacha mabaka. Lakini mabaka hayo nayo yana faida, moto wa jirani ukija haupiti."

Hana kosa. Anachoeleza ni elimu ya malisho iliyopokelewa kutoka kwa wazee wake. Lakini nyasi zilizokauka kabisa huwaka kwa mwali mkali, na moto wa mwali ndio unaotoa oksidi za nitrojeni kwa wingi.

Nyuma yetu, upande wa msituni, kuna tanuri za mkaa. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, na kuachwa yaungue polepole kwa siku kadhaa. Mchomaji hukaa pembeni akiangalia rangi ya moshi. Ukiwa mweupe na mzito, anajua kuni bado zinatoa maji. Ukiwa mwembamba wa rangi ya samawati, anasema mkaa umekaribia kuiva, na anaanza kuziba matundu. Moto huu usio na mwali hutoa oksidi za nitrojeni kidogo, lakini hutoa kaboni monoksidi na hidrokaboni nyingi sana. Nyasi za bondeni zinaleta kiungo kimoja, tanuri za msituni zinaleta kingine, na jua la Ikweta halikosi.

Kisha kuna msitu wenyewe. Miti mingi hutoa gesi iitwayo isopreni wakati wa joto na mwanga. Mahali ambapo hewa haina moshi, isopreni na majani yenyewe huimaliza ozoni. Vituo vya mtandao wa INDAAF huko Bomassa, Kongo-Brazzaville, na Zoétélé, Kamerun, vimepima kwa miaka mingi na kukuta ozoni kidogo mno ndani ya msitu. Lakini zikiingia oksidi za nitrojeni za kutosha, kemia inageuka. Isopreni ileile iliyokuwa ikiila ozoni inaanza kusaidia kuizalisha. Msitu haujabadilika, ila hewa iliyoufikia imebadilika.

Juu ya hayo yote kuna radi. Satelaiti zimeonyesha kwamba Kabare, katika Kivu Kusini, hupigwa na radi zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Hakuna mahali pengine Afrika panapofikia idadi hiyo. Kila radi hutengeneza oksidi za nitrojeni, na sehemu kubwa yake hubaki juu mawinguni na kuzalisha ozoni huko.

Hewa isiyo na kipimo

Ukitaka kujua ozoni ya Boga leo saa nane mchana, hakuna kifaa cha kukujibu. Nairobi, karibu kilomita 800 kutoka hapa, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikirusha maputo yenye vifaa vya kupima ozoni tangu miaka ya 1990. Juu ya Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo cha kupima hewa kilichoanzishwa mwaka 1999. Kampala kuna mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, lakini huo umejikita katika chembechembe za vumbi na moshi.

Satelaiti nazo? Zinasaidia sana kuona mioto na nitrojeni dioksidi. Chombo cha Ulaya kiitwacho Sentinel-5P, kilichorushwa Oktoba 2017, hupita juu yetu kila siku. Lakini ozoni ya chini haionekani vizuri kutoka juu, kwa sababu kati ya satelaiti na ardhi kuna lile tabaka nene la ozoni nzuri.

Kwa upande wetu wa Kongo, kituo kinachotuhusu zaidi ni Yangambi, kando ya Mto Kongo, karibu kilomita 600 magharibi mwa Boga. Huko, ndani ya hifadhi ya utafiti ya INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, ulisimamishwa mnara wa mita 55 uitwao CongoFlux, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji. Ulianza kazi mwaka 2020, na ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika Bonde la Kongo. Pamoja na kupima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni, watafiti walipima ozoni pia.

Mwaka 2023 Inês Vieira na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kikongo, walilinganisha vipimo vile vya Yangambi na hesabu za mifumo mikubwa inayokadiria hewa ya dunia nzima. Jibu lao lilikuwa la wazi: mifumo ile haikuweza kufuata kupanda na kushuka kwa ozoni ya Bonde la Kongo, iwe kwa saa za mchana na usiku au kwa majira ya mwaka. Hiyo ndiyo mifumo ambayo mtu wa mbali huitazama anapotaka kusema jambo kuhusu hewa yetu.

Macho ya wavu

Kwa nini mifumo mikubwa imeshindwa? Sababu ni zaidi ya moja, lakini iliyo rahisi kueleweka ni ukubwa wa macho. Modeli ya hewa, yaani hesabu za kompyuta zilizo ndani ya mifumo hiyo, huigawa dunia katika miraba, na kwa kila mraba kompyuta hukokotoa joto, upepo, unyevu, mvua na, ikiwa ina kemia ndani yake, gesi pia. Katika mraba mmoja kila kitu ni wastani. Mvuvi wa Ziwa Albert anaelewa hili bila kufundishwa: wavu wenye macho makubwa huleta sangara na kuacha dagaa wapite.

Mmoja wa mifumo iliyopimwa dhidi ya Yangambi, ule wa Ulaya uitwao CAMS, una macho ya kilomita 80 hivi. Mraba mmoja unachukua kilomita za mraba 6,400. Fikiria mraba kama huo ukiangukia kwetu. Ndani yake kuna vilele vya Rwenzori, na kilele cha Margherita kina mita 5,109. Kuna tambarare ya Semliki, inayoteremka hadi Ziwa Albert lililo mita 620 hivi kutoka usawa wa bahari. Kuna Boga ukingoni, na kuna mwanzo wa msitu wa Ituri. Kompyuta huyachanganya yote na kutoa mwinuko mmoja, upepo mmoja, ozoni moja. Ule upepo wa mchana unaopanda miteremko na kutuletea moshi haumo ndani ya hesabu. Umepita kwenye macho ya wavu.

Modeli ya tabianchi ya kikanda huja kutatua hilo. Haijaribu kukokotoa dunia nzima. Inachukua eneo moja, tuseme kutoka Kisangani hadi Nairobi, na kuligawa katika macho madogo ya kilomita 25, 12 au pungufu. Pembezoni mwa eneo hilo inapokea habari kutoka modeli kubwa: upepo gani unaingia, una joto na unyevu kiasi gani, umebeba gesi gani. Ndani ya mipaka yake inafanya hesabu zake yenyewe, kwa milima na mabonde yaliyo karibu zaidi na yale tunayoyajua.

Kazi hiyo ina gharama. Ukipunguza upande wa jicho kwa nusu, idadi ya macho huongezeka mara nne, na kompyuta inalazimika kupiga hatua za muda zilizo fupi mara mbili. Kazi yote huwa mara nane. Ndiyo maana mradi wa kimataifa wa CORDEX, ulioanza mwaka 2009 na kuichagua Afrika kuwa eneo la kipaumbele, ulianza na macho ya kilomita 50 kwa bara zima, tena kwa mvua na joto bila hesabu ya kemia ya ozoni.

Modeli ninayopenda kuwasimulia wanafunzi wangu ni RegCM. Ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikalelewa na Filippo Giorgi na wenzake huko Trieste, Italia, katika kituo cha fizikia kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistani ili wanasayansi wa nchi maskini wapate mahali pa kufanyia kazi. Programu yake hutolewa bure. Mwaka 2012 A. Shalaby na wenzake walitangaza toleo lenye kemia kamili ya ozoni ndani yake. Walilijaribu juu ya Ulaya, kwa joto kali la Agosti 2003 na kwa miaka sita ya 2000 hadi 2005. Katika toleo hilo hewa na kemia huenda pamoja: wingu likipita, mwanga unapungua na ozoni inapungua; joto likipanda, miti inatoa isopreni zaidi. Hiyo ndiyo faida ya kutumia modeli ya tabianchi badala ya kukisia ozoni kutokana na moshi peke yake.

Kompyuta inauliza: nani anachoma, wapi, lini?

Modeli haina uchawi. Usipoiambia kwamba kuna tanuri la mkaa, haitaliona. Kwa hiyo wanasayansi huandaa orodha kubwa za moshi: kiasi gani cha kila gesi kinatoka katika kila mraba, kila mwezi. Kwa mioto ya nyasi hutegemea satelaiti za Marekani, Terra na Aqua, ambazo tangu mwanzo wa karne hii zimekuwa zikiona sehemu zenye moto na ardhi iliyoungua. Kwa moshi wa watu kuna orodha iitwayo DACCIWA, iliyotengenezwa mahsusi kwa Afrika na kuhusisha miaka ya 1990 hadi 2015. Ndani yake zimo pikipiki, uchomaji wa mkaa na uchomaji wa takataka, mambo ambayo orodha nyingi za dunia huyapuuza au kuyahesabu vibaya.

Hata orodha nzuri ina pengo mahali kama petu. Moshi wa majumbani hugawanywa kwenye ramani kwa kufuata idadi ya watu. Ituri watu wamehama. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 Boga na Tchabi zilishambuliwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa. Familia nyingi zilikimbilia Bunia na kwingineko. Wengine wamerudi, wengine hawajarudi. Kambi ya wakimbizi inapika kwa kuni na mkaa kila siku. Kijiji kilichohamwa hakitoi moshi, na shamba lake limeota nyasi ndefu zitakazoungua kwa mwali mkubwa kiangazi kijacho. Ramani ya watu iliyotengenezwa kabla ya hayo itaiambia kompyuta kwamba moshi uko mahali usipo. Vivyo hivyo jenereta na mashine za mazutu katika machimbo ya dhahabu: leo ziko hapa, kesho zimehamishiwa mto mwingine.

Satelaiti nayo hupita kwa saa zake. Moto mdogo uliowashwa jioni na kuzimika kabla ya alfajiri unaweza usionekane. Tanuri lililofunikwa kwa udongo chini ya miti halionekani kabisa. Anayelijua ni mchomaji wake na jirani zake.

Hapo ndipo nasimama na kusema kwamba watu wa Boga wana jambo la kuipa sayansi hii. Habari za nani anachoma, wapi, tarehe gani, nyasi zikiwa mbichi au kavu, tanuri ngapi, jenereta ngapi na kwa saa ngapi, hazipatikani Trieste wala Ghent. Zinapatikana kwetu.

Joto linakuja, ozoni je?

Faida kubwa ya modeli ni kwamba inaruhusu maswali ya kesho. Unaweza kuiendesha kwa hali ya hewa ya leo, kisha kwa hali ya hewa ya mwaka 2050. Unaweza kuondoa mioto ya Desemba na kuona ozoni inabaki kiasi gani. Unaweza kuihamisha mioto hiyo iwe mwezi mmoja mapema. Unaweza kuongeza moshi wa visima vya mafuta vinavyoandaliwa ng'ambo ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, ambako uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022, na kuuliza upepo utaupeleka wapi. Maswali kama hayo huwezi kuyajaribu kwa hewa halisi bila kuwaumiza watu.

Na kuna jibu moja ambalo sayansi imeshalitoa kwa jumla, nami naona ndilo zito kuliko yote. Ripoti ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 inasema kwamba ongezeko la joto litapunguza ozoni ya chini katika maeneo yenye hewa safi, kwa sababu hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke huisambaratisha ozoni. Lakini katika maeneo yenye moshi mwingi, joto hilohilo litaongeza ozoni. Dunia moja, joto moja, matokeo mawili yanayopingana; kinachoamua ni kiasi cha moshi kilichomo hewani.

Boga iko mpakani mwa hali hizo mbili. Magharibi yetu kuna msitu ambao hewa yake bado inaweza kuimaliza ozoni. Mashariki na kaskazini kuna mioto ya nyasi, na kuanzia Desemba hadi Februari pepo za kaskazini-mashariki huleta pia moshi wa mioto ya Sudan Kusini na ya kaskazini mwa nchi yetu. Kuanzia Juni hadi Septemba ni zamu ya mioto ya kusini, ya Katanga, Zambia na Angola, na pepo za kusini-mashariki huusukuma moshi huo kuelekea Ikweta. Miaka ishirini au thelathini ijayo, joto litatusaidia au litatuumiza kutegemea upande tutakaokuwa tumeegemea. Hilo haliamuliwi na wakubwa wa dunia peke yao. Sehemu yake inaamuliwa na kiberiti cha Semliki na tanuri la Ituri.

Sisemi mfugaji aache kuchoma wala mchomaji mkaa akae na njaa. Nasema kuna tofauti kati ya kuchoma mapema kwa mabaka, kama mzee yule alivyoeleza, na kuchoma tambarare nzima nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Nasema tanuri lililojengwa vizuri hutoa mkaa mwingi zaidi kwa magogo yaleyale, na moshi kidogo zaidi kwa kila gunia. Kipi kati ya hivyo kitapunguza ozoni zaidi, na kwa kiasi gani, ni swali ambalo modeli ya kikanda inaweza kulijibu ikipewa habari za kweli na kipimo cha kujisahihishia.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa Mettelsat, shirika letu la hali ya hewa, Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Kisangani: wekeni kifaa cha kupima ozoni Bunia, na kingine hapa ukingoni mwa Semliki. Yangambi imeonyesha kwamba kifaa kimoja, kikitunzwa, kinaweza kufichua makosa ya hesabu za dunia nzima. La pili ni kwa wanaoendesha modeli, popote walipo: mnapoichora ramani ya Bonde la Kongo, msiishie Kisangani. Njooni hadi kwenye ukingo huu, na mtutafute sisi tunaojua moto unawashwa lini.

La tatu ni kwa walimu wenzangu na wakulima. Wanasayansi wana aina mbili za maharagi, S156 inayoumizwa haraka na ozoni na R123 inayoistahimili. Hupandwa pamoja kwenye udongo mmoja, na tofauti ya majani na mavuno yake hueleza hewa ilivyo. Shule yoyote yenye bustani inaweza kuomba mbegu hizo kupitia INERA na kuzipanda. Hata kabla ya mbegu kufika, kila shule inaweza kufungua daftari la moto: tarehe, saa, mahali, nyasi au tanuri, upepo unatoka wapi. Kalamu na daftari tunavyo. Tuanze kiangazi hiki, ili siku modeli ya Ituri itakapoendeshwa, ikute tumeshaandika.